Usimwage Dawa Kabla Hujajua Cheupe Hicho ni Nini

Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam

Mwenyekiti, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu, na vijana wetu mliojaa huko nyuma: hamjambo, na asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa niseme juu ya magonjwa ya samaki wa tangini. Ni mengi, na nikiyataja yote mtaondoka na karatasi iliyojaa majina huku samaki wakiendelea kufa. Kwa hiyo nitashika jambo moja, weupe, na mengine yatakuja nyuma yake. Nimechagua weupe kwa sababu ndio unaonifikia kwenye simu kuliko kitu kingine chochote. "Mzee, samaki wangu kaota vitu vyeupe, nimwekee dawa gani?" Namuuliza: vyeupe vya namna gani? Viko wapi mwilini? Vilianza lini? Hapo kimya. Halafu husikika sauti ya chini: "Ila nimeshaweka ile ya buluu. Jana nikaongeza ya kijani."

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wa mifugo. Utumishi wangu niliumalizia kwenye maabara ya maji, na samaki nafuga kwa mapenzi tu. Penye kazi ya daktari nitawaambia mwende kwa daktari.

Weupe unaojulikana zaidi ni wa vidoa. Sisi wafugaji tunauita "iki", kwa kukata jina refu la kimelea wake, Ichthyophthirius multifiliis. Samaki anaonekana kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani: punje ndogo zinazolingana, kubwa kabisa ina milimita moja, zimetapakaa kwenye mapezi, mkia na ubavu. Kabla hazijaonekana, samaki alikuwa akijikwaruza kwenye mawe na mapezi ameyabana mwilini. Ukiona anahema haraka haraka, ujue mashavu, yaani matamvua anayopumulia, nayo yameingiliwa. Wengine hufa bila punje hata moja kuonekana nje, kwa kuwa zote zilikuwa ndani ya mashavu.

Sasa nisikilizeni juu ya maisha ya kimelea huyu, maana tiba yote imo humo. Ile punje unayoiona iko chini ya ngozi ya samaki. Imefunikwa, na dawa uliyomwaga haiifikii. Kimelea anakula humo mpaka ashibe na kukua, kisha anatoboa ngozi, anatoka na kuanguka chini. Huko chini, juu ya kokoto au jani, anajifungia kwenye kifuko na kuanza kugawanyika. Mmoja anakuwa mamia, pengine elfu. Kifuko kikipasuka, watoto hutoka wakiogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Chumvi au dawa inawaua hao watoto tu, katika saa hizo chache wanazoogelea.

Mnaona inavyokuwa? Mtu anaweka dawa Jumatatu. Jumatano samaki safi, hana doa. Anafurahi, anabadilisha maji, anaacha dawa. Kumbe zile punje hazikufa. Zimeanguka zenyewe kwa wakati wake, zimekwenda kuzaa. Jumapili tangi zima ni vidoa vitupu, na muuza dawa anatukanwa kwamba ameuza feki. Feki zipo, sikatai, lakini hapa dawa inasingiziwa.

Kasi ya mzunguko huo hutegemea joto. Kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 28, ambayo hapa Dar unayapata bila hita, unakamilika kwa siku chache, tatu hadi sita hivi. Mwenzetu wa Lushoto au Njombe, ambaye tangi lake hupoa sana nyakati za baridi, kwake unaweza kuchukua wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo akipigiwa hesabu ya siku za dawa na mtu wa Dar, ataacha dawa katikati ya vita.

Mimi huanza na joto na chumvi. Pandisha joto taratibu, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, mpaka 30. Hapo mzunguko unakwenda mbio na kimelea anashindwa kuzaliana vizuri. Lakini maji yakipata joto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 haifiki 8. Pampu ya hewa iende usiku na mchana, na kwa umeme wetu huu, mwenye pampu ya betri aiweke karibu. Chumvi iwe gramu 2 kwa kila lita, igawanywe mara tatu au nne ndani ya siku mbili, na iyeyushwe kwanza kwenye jagi. Chumvi ya jikoni inatosha. Madini joto yaliyomo hayamdhuru samaki. Kila siku nyonya uchafu wa chini kwa mpira, maana vifuko viko huko, na maji mapya unayorudisha uyatie chumvi kwa kipimo kile kile. Endelea siku kumi. Siku kumi zikiisha na bado doa la mwisho halijatimiza siku nne au tano tangu lipotee, endelea tu.

Samaki wa korido, wale vikambale wadogo wanaofukua chini, hawaivumilii chumvi nyingi, wala mimea mingi haiivumilii. Kwao punguza nusu au uihamishe mimea, si samaki, kwa sababu samaki wote wa tangi hilo wameshaambukizwa hata kama mmoja tu ndiye mwenye madoa. Kumtoa mgonjwa peke yake, kwa ugonjwa huu, hakusaidii kitu.

Weupe wa pili, kwa mbali, unafanana na huo, na ndio uliomaliza matangi mengi kwa mikono ya wenyewe. Hauna punje. Ni baka la kijivujivu, wakati mwingine na umanjano pembeni, na huwezi kuonyesha linapoanzia wala linapoishia. Hupenda midomo, hata samaki akaonekana ana pamba mdomoni. Au hukaa mgongoni chini ya pezi la juu, likashuka ubavuni pande zote mbili. Gapi na moli, hasa waliosafirishwa wengi ndani ya mfuko mmoja, ni wateja wake wakubwa. Huyu ni bakteria, Flavobacterium columnare.

Kwa sababu ya ile pamba ya mdomoni, wengi wanasema ni fangasi, wanaweka dawa ya fangasi, na samaki hapati nafuu. Wengine wanasema ni iki, wanapandisha joto. Hapo ndipo penye msiba. Bakteria huyu anashamiri kwenye joto. Kwa nyuzi 30 anaweza kummaliza samaki ndani ya siku moja au mbili. Kitendo kile kile cha kugeuza kitufe cha hita kinamponya samaki mwenye punje na kinamuua samaki mwenye baka. Ndiyo maana nakataa kujibu swali la dawa kwenye simu kabla sijatumiwa picha.

Kwa ugonjwa huu hita izimwe. Joto lishushwe polepole kuelekea nyuzi 24. Najua kwa Dar si kazi ndogo, lakini ondoa kifuniko, elekeza feni ipulize juu ya maji, weka chupa ya maji iliyogandishwa ielee juu, na ushushe nyuzi moja tu kila baada ya saa moja au mbili. Wagonjwa huku watolewe, wakae kwenye beseni lao lenye hewa na chumvi. Wavu, mpira na ndoo ya beseni hilo visirudi kwenye tangi kubwa bila kuoshwa kwa maji ya klorini na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa.

Ukishafika kwenye antibiotiki, nenda kwa daktari wa mifugo. Najua tunavyofanya: tunapasua kapsuli ya tetrasaiklini tuliyobakiza nyumbani, tunamwaga unga wa manjano, maji yanatoa povu na kugeuka kahawia, tunajisikia tumetibu. Kwenye maji magumu kama ya visima vyetu vingi, kalsiamu na magneziamu huikamata dawa hiyo kabla haijamfikia samaki. Kinachobaki ni kipimo kidogo kisichoua bakteria bali kinachowafundisha kuizoea. Na bakteria wazuri wa filta, ambao nitawataja sasa hivi, nao wanaweza kuumia. Dawa za namna hii mara nyingi hufaa zaidi zikiwa ndani ya chakula, na samaki awe bado anakula. Kazi ya kupima kipimo hicho ni ya mtaalamu.

Fangasi wa kweli ni rahisi kumtambua ukishamwona mara moja. Ni nyuzinyuzi zinazosimama na kupepea nje ya mwili, na karibu kila mara zimeota penye jeraha: palipong'atwa, palipokwaruzwa na wavu, au kwenye mayai yaliyokufa. Ukimkuta, tafuta nani aliyemjeruhi samaki wako. Chumvi inasaidia, na methilini bluu inasaidia, lakini ndani ya beseni la pembeni, kwa sababu inawadhuru bakteria wa filta na mimea na inatia rangi gundi ya kioo milele. Na tafadhali, GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, si methilini bluu. Ni sumu kwa samaki. Isikaribie tangi.

Kuna vinundu vyeupe vigumu kwenye kingo za mapezi, vinavyokua polepole kwa wiki nyingi huku samaki akila na kucheza kama kawaida. Hao ni virusi, wanaitwa limfosisti, na hakuna dawa yao. Mara nyingi vinaondoka vyenyewe maji yakiwa mazuri. Aliyekuuzia dawa ya kuvitibu amekuuzia subira yako mwenyewe.

Halafu kuna weupe usio ugonjwa kabisa. Goldifishi dume akifikia wakati wa kuzaliana huota vipele vyeupe, vimepangika kwenye kifuniko cha shavu na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Viko hapo tu, havisambai mkiani. Goldifishi wangapi wamelowekwa kwenye dawa kwa kosa la kubalehe? Na sikilidi wa Ziwa Nyasa, dume lake lina madoa ya manjano kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai. Yaacheni.

Nimefika kwenye weupe ninaoupenda kuuzungumzia, kwa kuwa ni wa fani yangu. Samaki hana punje, hana baka, hana nyuzi. Ana ukungu tu mwili mzima, rangi imefifia. Huo ni ute wake mwenyewe. Ngozi imechomwa na kitu, nayo inajikinga kwa kumwaga ute mwingi. Wapo vimelea wanaofanya hivyo, lakini kabla ya kuwafikiria hao, pima maji. Kinachochoma mara nyingi ni klorini au amonia.

Klorini ni rahisi. Maji ya bomba yakilala usiku kucha kwenye pipa lililo wazi, na pampu ya hewa ikipuliza ndani, klorini inaondoka. Pale ambapo maji yametibiwa kwa kloramini hayo hayatoshi, na hapo unahitaji thiosalfeti ya sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vichupa vingi vya kutengenezea maji. Samaki akiwa anataabika, weka mara moja, usisubiri kesho.

Amonia ndiyo yenye ujanja. Samaki anaitoa yeye mwenyewe kwenye mashavu, na chakula kinachooza kinaiongeza. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi ndani ya filta huigeuza kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali sana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga makazi. Kwa hiyo ukinunua tangi Ijumaa na samaki kumi Jumamosi, wiki ya pili au ya tatu utanipigia simu. Ukitoa sponji ya filta ukaikamua chini ya bomba lenye klorini mpaka ing'ae, utanipigia pia. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Umeme nao ukikatika saa nyingi, wale waliofungiwa ndani ya filta ya kopo wanakosa hewa na kufa. Ukirudi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya kopo kabla hujaliwasha.

Amonia ina sura mbili ndani ya maji. Sura moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu kali, na kinachoamua ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi), joto nalo likisaidia. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Ikiwa 8, ni kama asilimia 5. Ikiwa 9, ni zaidi ya theluthi. Ninyi mnaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale sikilidi wa Kigoma wanaosifiwa dunia nzima, mnajua maji ya ziwa hilo yako karibu na pH 9. Amonia ambayo kwa jirani yako mwenye neoni tetra, samaki wa maji ya pH ya chini, ingepita bila kuonekana, kwako inaua. Msishindane naye kwa idadi ya samaki wala kwa kiasi cha chakula.

Na hili limewaliza watu wengi kuliko iki. Mtu ameacha kubadilisha maji miezi sita. Bakteria wakiwa kazini huyafanya maji yawe na asidi kidogo kidogo, pH inashuka mpaka 6 na nusu, bakteria wenyewe wanazubaa, amonia inajaa. Lakini kwa pH hiyo karibu yote iko kwenye ile sura isiyo na madhara, samaki wanaendelea kuishi. Siku moja mgeni anakuja, mwenye nyumba anaona aibu, anasafisha. Anatoa nusu ya maji, anajaza ya kisima yenye pH 8. Dakika hiyo hiyo sehemu ya sumu inapanda mara nyingi, hata baada ya kupunguza nusu. Jioni samaki wako juu wanahema, mashavu mekundu, ute mwili mzima. Asubuhi wamekufa, na mtaa unasema maji ya kisima kile yana mkosi. Tangi lililoachwa muda mrefu lisafishwe kidogo kidogo, asilimia 10 kwa siku, kwa wiki mbili hivi.

Nimesema kuhema juu ya maji. Angalieni, beta na gurami wanavuta hewa juu kwa kawaida yao, wana kiungo cha kazi hiyo. Ila gapi na sikilidi wakijipanga juu wakipumua, ni maji.

Sasa, unautazamaje weupe? Zima taa ya chumba na ya tangi. Shika tochi, mulika kwa ubavu, si usoni. Piga picha ya karibu kwa simu kila siku saa ile ile, maana macho husahau lakini picha zikipangwa utaona doa linakua au linahama. Ukimulika hivyo utagundua pia kitu ambacho si cheupe: vumbi laini la manjano ya dhahabu, dogo mno kuliko punje za iki. Huyo ni kimelea mwingine, Piscinoodinium, na anaua haraka kuliko iki. Wale killi, samaki wadogo wa madimbwi ya pwani, Nothobranchius guentheri wa Unguja akiwemo, wanamwogopa huyo kuliko yeyote, na ndiyo maana wanaowafuga huwawekea chumvi kidogo wakati wote. Kimelea huyu hujilisha pia kwa mwanga, kwa hiyo funika tangi liwe giza wakati wa tiba. Dawa ya shaba inamuua, ila inaua na konokono na kamba wadogo wa tangini. Na kipimo chake kikizidi kidogo tu, inaua samaki wenyewe.

Kipimo. Hapa naomba kalamu zenu. Urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63. Lakini toa kokoto, mawe na ile nafasi ya juu, yanabaki kama 50. Chumvi ya gramu 2 kwa lita ni gramu 100, si pakiti nzima. Ondoa mkaa kwenye filta kabla ya kuweka dawa yoyote, la sivyo mkaa utainyonya. Na dawa moja kwa wakati mmoja.

Hesabu hiyo ni muhimu zaidi kwa sababu dawa nyingi tunazopata zimetengenezwa kwa binadamu au mifugo. Prazikwanteli, ambayo wengi mnaijua kama dawa ya kichocho, inaua minyoo ya mashavuni na tegu wa samaki. Kipimo cha kuloweka ni miligramu 2 kwa lita. Kidonge kimoja cha miligramu 600 kinatosha lita 300. Mwenye lita 50 anahitaji sehemu moja ya sita, akisage kwanza kiwe unga, maana hakiyeyuki kirahisi. Levamisoli ya mbuzi na kuku inatoa minyoo myekundu, Camallanus, ile inayochungulia kwenye tundu la haja la gapi anapotulia. Nayo ni miligramu 2 kwa lita, na irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Ila soma chupa: nyingine za madukani zimechanganywa na oksiklozanaidi ya kutibu minyoo bapa ya ini. Hiyo iache. Kama hujui kusoma lebo, mwulize muuzaji, na kama muuzaji naye hajui, ondoka dukani.

Kinyesi cheupe kirefu kama uzi, pamoja na samaki kukataa kula na tumbo kujaa, ni weupe pia, ingawa hauko mwilini. Kwa Tropheus wa Tanganyika mara nyingi huanzia chakula. Samaki huyu kazi yake ni kukwangua mwani kwenye mawe, halafu sisi tunampa nyama. Acha chakula siku mbili tatu, badilisha maji, mpe vya majani. Ikiendelea, metronidazoli inatumika, miligramu 7 kwa lita kwa siku tano. Hapo tena pita kwa daktari. Samaki aliyevimba mwili mzima na magamba yamesimama wima, huyo figo zimeshashindwa. Wachache sana hurudi.

Kuna ugonjwa mmoja naomba msiucheke. Samaki anakonda huku anakula, mgongo unapinda, anapata kidonda kisichopona. Anakufa mmoja, baada ya wiki kadhaa mwingine. Inaweza kuwa Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu. Huyu anahamia kwa binadamu kupitia mchubuko: kinundu kwenye kidole au mkono, wiki chache baada ya kusafisha tangi, kisichosikia dawa za kawaida. Hutibika, lakini kwa miezi. Tatizo ni kwamba daktari hatakifikiria usipomwambia unafuga samaki. Kwa hiyo mwambie. Mwenye jeraha avae glavu. Na ile tabia ya kuvuta mpira kwa mdomo ili maji yaanze kutoka, iachwe leo. Jaza mpira kwa kuuzamisha ndani ya maji, ziba ncha kwa kidole, toa.

Samaki mpya akae peke yake wiki tatu hadi nne. Beseni, pampu ndogo, sponji iliyokaa kwenye filta ya tangi kubwa, kwisha. Najua hamtafanya wote, lakini nimesema.

Na yule asiyepona? Msimtupe chooni akiwa hai, msimwache juani, msimgandishe polepole kwenye friji. Tunayo mafuta ya karafuu, Unguja na Pemba wanatukamulia. Tia matone machache kwenye kichupa cha maji ya uvuguvugu, tikisa mpaka yawe meupe, mimina kidogo kidogo kwenye bakuli alimo samaki mpaka alale ubavu. Akishalala, ongeza yafikie kama mililita 0.4 kwa lita. Mashavu yakisimama, mwache humo dakika kumi zaidi, usiharakishe. Kisha umzike. Wala msimpe paka, hasa kama alikuwa ametibiwa. Na walio hai msiwapeleke mtoni wala bwawani kwa huruma. Kuna perege huko wasiohitaji magonjwa ya samaki wa dukani.

Maswali sasa. Waliokuja na maji kwenye chupa waje mbele kwanza, kipimo cha pH na cha amonia ninavyo hapa mezani. Wenye picha, nionyesheni ile ya juzi na ya leo pamoja. Na kila atakayesimama aanze kwa kuniambia lita, joto, na alichokwisha kumwaga.